Kuandika Mbele ya Ndugu: Maandishi ya Wanafunzi na Wasomaji Wao, kutoka Wittenberg hadi Kiungani

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa theolojia huandika mengi kabla ya kubarikiwa kuwa mchungaji. Huandika insha za kila somo, ufafanuzi wa vifungu vya Maandiko, mahubiri ya darasani, na mwishoni kazi ndefu ya utafiti. Karibu yote hayo husomwa na mtu mmoja tu, naye ni mwalimu, ambaye huyasoma ili atoe alama. Alama ikisha kuandikwa, karatasi humrudia mwenyewe au huwekwa kabatini, wala wanachuo wenzake hawajui kilichoandikwa ndani yake. Kisha ndugu huyo hupelekwa usharikani. Huko hatakuwapo mwalimu wa kumsahihisha, bali watakuwapo wasikilizaji na wasomaji wengi: wazee wa kanisa, wainjilisti, vijana waliosoma, na Wakristo wenye maswali. Tunamtuma kwa wasomaji ambao hatukumzoeza kuwaandikia.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba desturi ya mwanafunzi kumwandikia mwalimu wake peke yake haikuwa sikuzote desturi ya Kanisa, na hasa haikuwa desturi ya wale walioanzisha Matengenezo ya Kanisa. Tutaangalia kwanza Chuo Kikuu cha Wittenberg kati ya mwaka 1516 na 1523. Kisha tutakuja pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambako shule za misheni nazo zilikutana na swali lile lile: kijana anapofundishwa kuandika, anamwandikia nani? Mahali hapa pawili pametengana kwa zaidi ya miaka 350, wala hatudai kwamba pa pili palijifunza kutoka pa kwanza. Tunapaweka pamoja kwa sababu kila pamoja panatusaidia kuona jambo ambalo penginepo halionekani wazi.

Msingi wa jambo lenyewe umo katika Agano Jipya. Mtume Paulo hakuwaandikia Wakolosai ili waraka wake usomwe na mzee mmoja na kufungiwa sandukuni. Aliagiza usomwe pia katika kanisa la Walaodikia, nao Wakolosai wausome ule utokao Laodikia (Kol. 4:16). Kwa Wakorintho aliagiza kwamba manabii wanaponena, wengine wapambanue (1 Kor. 14:29). Basi tangu mwanzo neno lililonenwa au kuandikwa katika Kanisa liliwekwa mbele ya ndugu, nao ndugu walikuwa na haki na wajibu wa kulipima.

2. Mwanafunzi aliyemfundisha mwalimu

Wengi wetu tumezoea kuanza historia ya Matengenezo tarehe 31 Oktoba 1517. Lakini mwaka mmoja kabla ya siku hiyo palitokea huko Wittenberg jambo ambalo halitajwi sana katika vipaimara wala katika sikukuu zetu. Tarehe 25 Septemba 1516 mwanafunzi mmoja aitwaye Bartholomäus Bernhardi, mzaliwa wa Feldkirch, alisimama katika mdahalo wa chuo ili apate shahada yake. Luther alikuwa msimamizi wa mdahalo huo. Swali lilihusu nguvu na utashi wa mwanadamu pasipo neema: je, mtu aweza kwa uwezo wake mwenyewe kuzishika amri za Mungu, au hata kujiandaa kuipokea neema? Bernhardi alijibu kwamba hawezi.

Fundisho hilo alilipata kwa Luther, ambaye wakati huo alikuwa anamaliza kufundisha Waraka kwa Warumi. Hata hivyo, katika barua aliyomwandikia mtawa mwenzake Johann Lang wa Erfurt mwezi Oktoba mwaka ule ule, Luther alieleza kwamba hoja zile hakuzitunga yeye. Alizitunga Bernhardi mwenyewe, kwa kuwa alichoshwa na maneno ya watu waliokuwa wakiyasema vibaya masomo ya mwalimu wake. Hapa tunaona jambo la maana. Palikuwa na manung'uniko yaliyozunguka vyumbani na vibarazani, ambako hakuna awezaye kuyajibu. Mwanafunzi huyu aliyatoa huko, akayageuza kuwa hoja zilizoandikwa, akaziweka mahali ambapo kila mtu angeweza kuzisoma na kuzipinga.

Nazo zilipingwa. Miongoni mwa waliozipinga alikuwamo Andreas Bodenstein wa Karlstadt, profesa mwenye cheo kikubwa katika kitivo cha theolojia, ambaye mwaka 1512 ndiye aliyemtunukia Luther shahada ya udaktari. Jambo lililomchoma zaidi ni kwamba katika mabishano hayo Luther alikana kuwa kitabu kimoja kuhusu toba, kilichotumiwa sana na walimu wa wakati huo, kiliandikwa na Augustino. Karlstadt hakukubali. Lakini hakuishia kukasirika. Mwezi Januari 1517 alikwenda Leipzig akanunua vitabu vya Augustino ili ajisomee mwenyewe na kumshinda Luther kwa ushahidi. Aliposoma, aliona kwamba yeye ndiye aliyekosea. Tarehe 26 Aprili 1517 alitoa hoja zake mwenyewe 151, zikitetea neema kwa kumtumia Augustino yule yule. Mwezi uliofuata Luther aliweza kumwandikia Lang kwamba theolojia yao pamoja na Augustino inastawi chuoni.

Tuutazame mfululizo huu kwa makini. Mwanafunzi aliandika. Maandishi yake hayakuishia kwa mwalimu aliyekwisha kukubaliana naye, bali yalimfikia mtu asiyekubali. Yule asiyekubali alilazimika kurudi kwenye vitabu vya asili, na vitabu vikambadilisha. Kama Bernhardi angaliandika hoja zake katika daftari na kumpa Luther peke yake, Luther angalizisifu, na Karlstadt angalibaki alipokuwa. Hatusemi kwamba Matengenezo yasingalitokea. Tunasema kwamba badiliko hili la kitivo kizima cha theolojia lilipitia katika maandishi ya mwanafunzi yaliyokuwa na wasomaji zaidi ya mmoja.

Mwaka uliofuata njia hiyo hiyo iliendelea. Tarehe 4 Septemba 1517 mwanafunzi mwingine, Franz Günther, alitetea hoja dhidi ya theolojia ya kiskolastiki. Safari hii hoja zilitungwa na Luther mwenyewe. Kisha zikaja zile Hoja 95 kuhusu vyeti vya msamaha. Tunaposoma utangulizi wake mfupi tunaona kwamba Luther aliwaalika wale wasioweza kufika Wittenberg kwa mdahalo wa ana kwa ana washiriki kwa barua. Mdahalo wenyewe chuoni haukufanyika. Majibu yalikuja kwa maandishi, kutoka miji ambayo Luther hakuitazamia. Kwa hiyo andiko linalohesabiwa kuwa mwanzo wa Kanisa letu lilikuwa, kwa umbo lake, andiko la chuo lililoomba kujibiwa.

3. Mwalimu wa Ujerumani na zoezi la hotuba

Philipp Melanchthon alifika Wittenberg mwezi Agosti 1518, akiwa na umri wa miaka 21, ili afundishe Kigiriki. Hotuba yake ya kwanza ilihusu kurekebishwa kwa masomo ya vijana. Kwa muda wa miaka kadhaa aliendesha shule ndogo katika nyumba yake mwenyewe, ambako vijana waliandika kwa Kilatini, wakatunga mashairi na kuyasoma mbele ya wenzao. Alipokuwa mkuu wa chuo, kuanzia mwaka 1523, aliweka mazoezi ya hotuba kuwa sehemu ya kawaida ya masomo: hotuba iliandikwa, kisha ikasomwa mbele ya jumuiya ya chuo.

Sababu yake haikuwa mapambo ya lugha. Melanchthon aliamini kwamba mtu asiyeweza kulieleza jambo kwa ufasaha na kwa mpango bado hajalielewa. Kwa mhubiri wa Injili, kutoelewa namna hiyo ni hatari kwa wasikilizaji wake. Ndiyo maana watu walimwita Mwalimu wa Ujerumani: hakufundisha wanafunzi tu, bali alitengeneza namna ya kufundisha iliyoenea katika shule nyingi.

Hata hivyo, katika zoezi hili tunaona pia udhaifu ambao tunapaswa kuuangalia. Hotuba nyingi zilizosomwa Wittenberg na watu wengine ziliandikwa na Melanchthon mwenyewe. Vivyo hivyo, hoja za midahalo mara nyingi ziliandikwa na profesa, na kazi ya mwanafunzi ikawa kuzitetea. Kulikuwa na faida katika hilo, maana hotuba zilikuwa nzuri na fundisho likalindwa. Lakini mtu anayesoma maneno ya mwingine mbele ya watu hajaandika. Wasomaji wengi bila sauti ya mwandishi mwenyewe ni upungufu, kama vile sauti ya mwandishi bila wasomaji ilivyo upungufu.

4. Kiungani: wanafunzi waliosomwa mbali na nyumbani

Sasa tuje kwetu. Katika karne ya 19 Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo ni ya Kianglikana, ilikuwa na shule huko Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa hasa watoto waliotekwa bara, wakauzwa, wakapakiwa majahazini, na kuokolewa na meli za Waingereza zilizozuia biashara ya watumwa. Walitoka katika makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Misheni ilikuwa na kiwanda cha kupiga chapa, na wakati wa Askofu Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874 hadi alipofariki 1882, vijana walifundishwa kazi hiyo ya chapa.

Mmoja wa walimu, A. C. Madan, ambaye baadaye alitunga kamusi za Kiswahili, aliwataka wanafunzi waandike habari za maisha yao: walikozaliwa, desturi za kwao, jinsi walivyotekwa, na jinsi walivyofika Unguja. Maandishi hayo aliyafasiri, na mwaka 1887 yakatolewa London katika kitabu kiitwacho *Kiungani*. Ni kitabu chenye thamani kubwa. Humo watoto waliopitia utumwa wanasimulia wenyewe, na mtu anayetaka kujua biashara ile ilivyokuwa kwa aliyeuzwa hawezi kukipita.

Lakini tuulize swali letu: kitabu hicho kiliandikiwa nani? Kilitoka kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza waliokuwa wakiisaidia misheni kwa sala na fedha. Kijana wa Kimakua aliyeandika habari zake kwa Kiswahili alisomwa na watu asiowajua, katika lugha ambayo si yake wala si ya wenzake wa bwenini. Wasomaji wale wangeweza kumhurumia. Hawangeweza kumwambia, "Hapo si hivyo, nami nilipita njia ile." Jibu la namna hiyo lingetoka kwa mwenzake tu.

Mwaka mmoja baadaye, 1888, likaanza jambo la namna nyingine. Kiungani walianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa *Msimulizi*. Lilichapwa hapo hapo, na waandishi wake walikuwa wanafunzi pamoja na wenzao waliokwisha kutoka shuleni na kupelekwa vituoni kuwa walimu. Misheni hiyo wakati huo ilikuwa na vituo Magila upande wa Bonde, Masasi kusini, na hata kisiwani Likoma katika Ziwa Nyasa. Mwalimu aliyekuwa peke yake mbali aliandika habari za kituo chake, na wenzake walizisoma. Naye alisoma habari zao.

Kwa jicho la msomaji wa leo mengi ya gazeti la namna hii yaweza kuonekana madogo: nani amefika, nani amesafiri, kazi ya kituo inaendeleaje. Lakini tusiyadharau. Tofauti kati ya kitabu cha 1887 na gazeti la 1888 ni kubwa kuliko mwaka mmoja. Katika kitabu, mwanafunzi alikuwa mtu wa kusimuliwa kwa wengine. Katika gazeti alikuwa msimulizi kati ya ndugu. Katika kitabu Kiswahili chake kilikuwa malighafi ya kufasiriwa, lakini gazetini kilikuwa lugha ya kazi, iliyopimwa na watu walioijua. Na wale walioandikiana hivyo ndio waliokuwa wakiandaliwa kwa utumishi. Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani, alipewa ukasisi mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupata daraja hilo.

*Msimulizi* halikudumu, lilikoma kabla ya karne ya 19 kwisha. Tena lilikuwa chini ya macho ya wamisionari, na kwa hiyo si kila neno ambalo mwalimu wa Kiafrika angetaka kuliandika lingeweza kupata nafasi humo. Mambo hayo mawili, ufupi wa maisha na usimamizi wa juu, yatatokea tena.

5. Tanga na Dar es Salaam

Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Kijerumani huko Tanga ilitoa gazeti la Kiswahili, *Kiongozi*, lililodumu hadi 1916. Kwa kuwa lilikuwa gazeti la serikali, lilitumikia makusudi ya serikali. Hata hivyo walimu na makarani waliotoka katika shule ile na kutawanyika nchini walipata humo mahali pa kuandika na kusomana.

Kwa sisi Walutheri lililo karibu zaidi ni *Pwani na Bara*, gazeti la Kiprotestanti lililoanza mwaka 1910 chini ya uhariri wa Martin Klamroth wa Misheni ya Berlin. Jina lenyewe lafaa kutafakariwa. Wakati huo Walutheri wa nchi hii hawakuwa kanisa moja. Kila misheni ilikuwa na eneo lake, desturi zake, na bodi yake huko Ujerumani. KKKT iliundwa mwaka 1963, yaani zaidi ya miaka 50 baadaye. Lakini ukurasa wa gazeti la Kiswahili uliweza kumkutanisha msomaji wa pwani na msomaji wa bara kabla ya katiba yo yote ya kanisa kuwakutanisha. Vita iliyoanza 1914 ilivunja kazi hiyo pamoja na nyingine nyingi za misheni za Kijerumani.

Baada ya vita ile Kanisa lilikuwa na mahitaji mengine mengi. Mwaka 1947 mafunzo ya pamoja ya wachungaji wa Kilutheri yalianza Lwandai, Usambara, na mwaka 1954 yakahamia Makumira. Mwaka 1968 jarida la *Africa Theological Journal* lilianzishwa Makumira, na wanatheolojia wa Afrika wakapata jukwaa la kuzungumza na ulimwengu. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini jukwaa hilo lilikuwa la Kiingereza, na waandishi wake wengi walikuwa walimu na wasomi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliye na jambo la kusema kwa Kiswahili, na mwenzake aliye tayari kumjibu, wanahitaji mahali pengine.

6. Tunayojifunza

Historia hii fupi yatufundisha mambo matatu.

La kwanza, mwanafunzi aandike maneno yake mwenyewe. Bernhardi alikuwa amefundishwa na Luther, lakini hoja alizitunga yeye, nazo ndizo zilizomsukuma Karlstadt kwenda Leipzig. Siku hizi jambo hili lina uzito mpya, maana kuna mitambo ya kompyuta inayoweza kumtungia mwanafunzi insha nzima kwa dakika chache. Adhabu peke yake haitatosha kuzuia. Mtu anayemwandikia msomaji mmoja anayetoa alama hushawishika kuazima maneno. Lakini anayejua kwamba Alhamisi atakaa mbele ya wenzake 12 waliokwisha kusoma karatasi yake, nao watamwuliza aya kwa aya, anaona haja ya kuandika anachoweza kukitetea.

La pili, maandishi yawafikie wasomaji wanaoweza kujibu, katika lugha wanayojibia. Wasomaji wa London walimhurumia kijana wa Kiungani. Wenzake wa Masasi na Likoma waliweza kumjibu. Hatusemi Kiingereza kiachwe, kwa kuwa Kanisa ni la ulimwengu wote. Lakini mchungaji ambaye hajawahi kuandika ukurasa mmoja wa theolojia kwa Kiswahili na kuulizwa maswali juu yake, atafundishaje kipaimara kwa lugha hiyo?

La tatu, mwalimu awe msimamizi, wala asiwe mwandishi wala msomaji wa pekee. Hapa patatolewa hoja kwamba wanafunzi wadhaifu wataaibishwa, na kwamba vijana watabishana kwa kiburi. Hoja hii ni ya kweli, nayo midahalo ya kale ilikuwa na kiburi cha kutosha. Katika mazingira yetu liko pia jambo la heshima: mdogo huona vigumu kumkosoa mkubwa, na mwanafunzi aliyekwisha kuwa mwinjilisti kwa miaka 15 haoni vyema kusahihishwa na kijana aliyetoka sekondari. Lakini hofu hizi zinaonyesha kwa nini mazoezi yanahitajika chuoni. Usharikani hakuna msimamizi. Ni afadhali ndugu ajifunze kukosolewa na kukosoa kwa upendo mahali ambapo mwalimu yupo kuweka mpaka, kuliko kujifunza katika mkutano wa baraza la wazee.

7. Hitimisho

Yanayohitajika si makubwa. Kila darasa laweza kuwa na jalada moja, liwe la karatasi au la kompyuta, ambamo kila mwanafunzi huweka angalau maandishi mawili kwa muhula, na kila mmoja hupewa wajibu wa kumjibu mwenzake kwa maandishi na kwa jina lake. Mwalimu asome yote, lakini asiandike jibu lake mpaka ndugu wawe wamekwisha kujibu. Mwisho wa mwaka darasa lenyewe lichague machache yanayostahili kutumwa kwa wahitimu walioko sharikani, nao waombwe wajibu kutokana na yale wanayoyaona katika kazi. Hivyo mchungaji aliye peke yake mbali na barabara ya lami atapata tena yale aliyoyapata mwalimu wa Likoma: habari za ndugu zake, na nafasi ya kuwaambia walipokosea.

Sisi walimu tunapopokea rundo la karatasi mwishoni mwa muhula, tuulize kwanza ni nani mwingine aliyezisoma. Kama jibu ni hakuna, basi kazi ya kufundisha kuandika bado hatujaianza.